Kurasa Zilizofunga Karanga

Juzi nimepita Zuzu. Sikuwa na safari ya Zuzu, nilikuwa natoka Manyoni kwenye msiba, treni ikasimama pale kupisha treni ya mizigo, kama zamani. Watu wakaanza kunung'unika, kama zamani. Mi nikatoa kichwa dirishani nikaita karanga. Akaja mama mmoja na beseni lake, nikalipa, akanipa karanga kwenye kimfuko cha nailoni kilichopigwa fundo juu. Nikakigeuza huku, nikakigeuza kule.

"Vipi dada, kimetoboka?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, natafuta maandishi. Akaniangalia vile watu wanavyomwangalia mtu aliyetoka msibani, akasogea dirisha la pili. Simlaumu. Hata wewe hapo unaanza kuniangalia hivyohivyo. Kaa basi nikusimulie, maana yule mama alikuwa na karanga za kuuza na wewe naona huna haraka.

Mimi nimelelewa na bibi yangu hapo Zuzu, kwenye nyumba ya tembe, ile ya paa la udongo ambayo mbuzi akipanda juu unamsikia anavyotembea kichwani kwako. Uwanja ulizungushiwa ua wa minyaa. Ukisimama mlangoni unaona reli, na kengele ya stesheni ikigongwa tunaisikia hata tukiwa tunasonga ugali. Mboga ilikuwa mlenda. Jumatatu mlenda, Jumanne mlenda, Jumatano Bibi ananiuliza leo tule nini, tunacheka wote, tunakula mlenda.

Kazi ya nyumba yetu ilikuwa karanga. Bibi alikuwa akiagiza magunia kutoka Kongwa, zinakuja na maganda yake, na mtu yeyote aliyeingia uwanjani, awe mgeni, mchungaji wa kanisa au mtu amekuja kuulizia njia, alipewa kigoda na ungo wa karanga abangue. Huongei na Bibi mikono mitupu. Alikuwa na msemo wake: "Mzungu alikuja Kongwa na matrekta akashindwa na karanga. Mimi nimezishinda kwa kidole gumba." Zikishabanguliwa anazikaanga kwenye mchanga wa moto na chumvi, harufu inatoka mpaka stesheni, na mimi nachukua beseni nakwenda kuuza kwenye madirisha ya treni. Nilikuwa na mdomo. Bibi aliniita Kidomodomo, na alisema kwa mdomo ule ningeweza kumuuzia karanga mtu asiye na meno. Nilijaribu kweli. Mzee mmoja alinunua, akasema atampelekea mkewe.

Sasa ukuta kwa ukuta na sisi alikaa jirani yetu. Tulimwita Jirani, tu, kama vile ndilo jina alilobatizwa, ingawa alikuwa Mwislamu. Alikuwa mtu wa kofia ya kiua na koti la reli lililobaki na kifungo kimoja. Babu zake walikuwa Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara toka Tabora kwenda pwani, wengine wakachokea njiani, wakaoa, wakabaki. Yeye alikuwa karani wa tiketi hapo stesheni mpaka walipoanza kupunguza watu makazini. Akapunguzwa. Alikuwa mwembamba toka zamani, kwa hiyo Bibi alimwuliza sasa hao wakubwa wamepunguza nini tena hapo.

Usishangae, ulikuwa utani. Mgogo na Mnyamwezi wana utani wao wa tangu misafara, na Bibi hakuwa mtu wa kuacha haki yake ilale. Jirani akitia mguu tu uwanjani:

"Simama hapo. Babu zako walipopita nchi hii walitoa hongo kwa babu zangu ndiyo wakapewa maji. Hongo iko wapi?"

"Babu zangu walitoa vitambaa na shanga, dada. Mimi sina hata kifungo."

"Basi kaa ubangue."

Na yeye anajibu, kila siku, kama kiitikio cha kanisani: "Hongo yangu ni hadithi."

Maana Jirani alikuwa anaandika. Siyo barua. Alikuwa anaandika hadithi za miaka ambayo bado haijafika, zenye mitambo na vyombo vya angani, kwa penseli, nyuma ya makaratasi ya zamani ya mizigo ambayo stesheni ilikuwa inayatupa. Akimaliza anakwenda mjini Dodoma kwa mtu mwenye mashine ya kuchapa, wanatoa kijitabu chembamba chenye jalada la rangi moja. Alitoa vitatu. Cha kwanza, *Jua la Kukodi*, ni cha nchi ambayo jua limenunuliwa na tajiri mmoja, watu wanalipia kuanika uwele. Cha pili, *Tiketi ya Keshokutwa*, ni cha karani wa stesheni anayekata tiketi za siku zijazo, na hakuna abiria anayekubali kupanda mpaka aambiwe huko mbele kuna maji au hakuna. Cha tatu ndicho kilichotuua, nitakifikia.

Namna yake ya kufanya kazi sijaiona kwa mtu mwingine. Kabla hajakipeleka mjini, alikuja kutusomea sisi tukiwa tunabangua. Bibi, mimi, na mama wa nyumba ya pili ambaye alikuwa kiziwi kidogo lakini anakuja kwa ajili ya uji. Jirani anasoma, halafu yeye hatuangalii usoni. Anaangalia mikono. Mikono ikiendelea kubangua kama kawaida, anaendelea kusoma. Mikono ikianza kupeleka karanga mdomoni, anatoa penseli sikioni anakata mstari wote, kwa sababu mtu haanzi kutafuna kama hadithi imemshika. Na mikono ikisimama, karanga imebaki katikati ya kidole na kidole, haijapasuka, hapo anaweka alama ndogo pembeni ya karatasi na pua zake zinatanuka.

Bibi alikuwa na malalamiko yake. Hadithi mbaya, debe linajaa. Hadithi nzuri, jioni inaingia debe liko nusu. "Jirani," anamwambia, "leo hebu lete ile mbovu, kesho treni inapita."

Mimi nilimwuliza kwa nini hasimulii mambo ya kawaida, mahali ambapo watu wanalima na kuoana. Akaniambia alipokuwa mtoto baba yake alikuwa mpishi Kongwa, wakati Wazungu wamekuja na matrekta. Watu waliambiwa kesho imefika. Taa, barabara, mashine kubwa kuliko kanisa. Akawa anazikimbilia anazigusa. Baadaye mvua zikakataa, Wazungu wakaondoka, na yeye akawa anacheza ndani ya matrekta yaliyojaa viota. "Kwa hiyo mimi kesho nimeiona," akasema. "Nimeiona ikija na nimeiona ikiota kutu. Hayo ya kulima na kuoana waandike ambao hawajaiona."

Alikuwa akinifundisha bila kujifanya ananifundisha. Nilikuwa namletea visa vyangu vya uongo, na yeye anavibangua. Nikamwambia kisa cha ndege kubwa ya chuma iliyotua Zuzu. Akauliza, nani anafagia chini yake ikishaondoka? Nikasema sijui. "Basi hujui ndege yako. Kila mashine ina mtu anayeinung'unikia. Anza na huyo." Hakupenda hadithi zinazotokea Ulaya. Alisema kesho, ikija, lazima ipite Zuzu, kwa sababu reli inapita hapa. Na fundisho lake kubwa hakulitunga yeye. Alipewa na Bibi, kwa matusi.

Ilikuwa wakati anasoma kile cha tatu, *Ng'ombe wa Mwezini*. Kuna mama mchungaji wa Kigogo, kwao kumekauka, wamempeleka yeye na ng'ombe wake kuishi mwezini. Bibi akasimamisha usomaji.

"Huko juu si ulisema hamna hewa. Sasa huyo mama anapumua nini?"

"Ana kibuyu cha hewa mgongoni, dada."

"Na ng'ombe?"

Jirani akageuza karatasi. Hakuwa amewaza ng'ombe.

"Unaona wewe," Bibi akasema. "Mwezi nidanganye tu, mimi sijafika. Lakini ng'ombe usinidanganye, nimewachunga."

Jirani akakunja makaratasi akaenda kwake bila kunywa uji. Tukadhani amekasirika. Baada ya siku kadhaa akarudi na mambo mapya: kila ng'ombe ana kibuyu chake shingoni, pale panapokaa kengele, na kengele wamezivua kwa kuwa pasipo hewa hazilii. Na kutoka hapo hadithi ikawa nyingine kabisa. Maana kama kengele hazilii, basi na mwito wa mama hausikiki. Ng'ombe wametawanyika kwenye lile vumbi jeupe, mama anafungua mdomo anawaita kwa majina yao, na sauti haitoki hata hatua moja mbele ya uso wake. Siku ile mikono yetu ilisimama. Hata ya yule mama kiziwi, na sijui alisikia nini.

Sasa ndiyo ikaja ile miaka ya ruksa. Unaikumbuka. Maduka yaliyokuwa na viberiti na sabuni moja yakafurika. Mjini kukawa na mitumba, na redio za kaseti, na vitambaa vinavyong'aa. Watu walifurahi na mimi nilifurahi, nilipata viatu vyangu vya kwanza, vya mtoto fulani wa Ulaya mwenye kidole gumba kikubwa. Lakini duka la vitabu lililokuwa likichukua vijitabu vya Jirani lilibadilika likawa la redio. Shule zikaacha kununua. Vijana waliokuwa wakisoma wakahamia kwenye kibanda cha video, unaingia unakaa kwenye benchi unaangalia Wachina wanarukiana. Nisikufiche, na mimi niliingia. Palikuwa pazuri.

*Ng'ombe wa Mwezini* kikachapwa kikarudi. Chote. Kilirudishwa na treni ya mizigo, kwenye magunia, kama karanga. Jirani alisaini kuyapokea dirishani palepale alipokuwa akikata tiketi. Tulimsaidia kubeba. Njia nzima Bibi hakumtania, na hilo lilinitisha kuliko kitu kingine.

Magunia yakakaa chumbani kwake, na mchwa wa Dodoma unawajua, hawabishi hodi. Jirani akawa anakohoa. Akawa haandiki. Anakuja uwanjani, anabangua, analipa hongo kwa mikono. Bibi anamwuliza hadithi iko wapi, anasema imekwisha.

Halafu asubuhi moja akaja na gunia begani.

"Dada, karanga zako unafungia nini?"

"Magazeti. Na madaftari ya huyu Kidomodomo, hayana kazi nyingine."

"Fungia hivi."

Bibi alikataa. Alikataa kwa hasira, na Kigogo kikaingia humo ndani nikashindwa kufuata. Alisema kitabu si cha kufungia chakula, na kama Jirani amechoka kuishi aseme. Lakini Jirani alikuwa amelipanga jambo lake. Atachambua vitabu karatasi moja moja. Mimi nikifika kwenye treni, dirisha la kwanza nawapa karanga kwenye karatasi ya kwanza, dirisha la pili karatasi ya pili, hivyo hivyo behewa zima. Safari ya Tabora ni ndefu, mtu atachoka kuangalia vichaka. Akimaliza karanga atakunjua karatasi asome. Akifika mwisho atataka mbele. Atamwuliza jirani yake, wewe una karatasi gani? "Mpaka wafike Itigi," akasema, na macho yake yalikuwa yamerudi, "behewa zima limekaa pamoja wanasomeana."

Yeye alikuwa anawakumbuka abiria wake wa zamani, wale waliokuwa wanakula kwenye sufuria moja.

Bibi akasema, "Mwenye njaa hasomi sahani." Lakini akamwangalia yale macho, akachukua karatasi ya kwanza, akaikunja kama pembe, akatia karanga.

Mwenzangu, walikula karanga wakatupa. Ndivyo ilivyokuwa. Treni ikiondoka mimi nabaki kwenye tuta la reli naona karatasi zinatoka madirishani, moja, nyingine, zinageukageuka kwenye upepo. Zilinasa kwenye minyaa na kwenye miiba, mama wa watu na ng'ombe wake wametundikwa huko kama nguo. Mbuzi walizifurahia kwa sababu ya chumvi.

Jirani alikuwa ananingoja ukutani kwenye jua. Swali lake lilikuwa moja, kila treni:

"Kuna aliyeuliza?"

Alichotaka ni hicho tu. Hakutaka tena duka wala shule. Mtu mmoja atoe kichwa dirishani aulize hii inaendelea wapi. Nadhani alikuwa amejiwekea ahadi kwamba akiulizwa mara moja tu, ataandika tena.

Siku ya kwanza nilisema hamna, nikaona alivyoangalia chini. Siku ya pili nikashindwa kusema hamna, nikasema: "Ameuliza beberu wa mwenyekiti. Kamaliza kitabu chote, anasema mwisho umemkaa tumboni." Jirani alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Kila treni namletea mwulizaji mpya. Leo ameuliza askofu. Leo ameuliza mwizi aliyefungwa pingu, anambembeleza askari amfungulie mkono mmoja ageuze karatasi. Jirani alijua natunga na alijua ninajua kwamba anajua. Ananikosoa. "Askofu umemvalisha sana. Mwizi mzuri. Huyo mwizi usimpe jina." Nilijifunza kutunga pale, kwenye ule ukuta, kwa kumtungia mtu kitu alichokuwa anakikosa. Kati ya mwizi na askofu anakohoa, na kila wiki kikohozi kilikuwa kinatoka chini zaidi.

Halafu ikaja ile treni.

Nilikuwa nimeshamaliza behewa la daraja la tatu, nageuka na beseni langu jepesi, nikasikia, "We binti!" Nikadhani chenji. Alikuwa mama amejifunga kitambaa chekundu kichwani, ana mtoto mgongoni amelala. Karanga alikuwa amezimwaga kwenye khanga mapajani. Karatasi ameitandaza kwenye ukingo wa dirisha, anaipitisha kiganja kama anaipiga pasi.

"Hii imeishia anaita tu," akasema. "Ng'ombe walirudi?"

Nilisimama kama nguzo ya simu.

"We si nakuuliza? Walirudi, au ndiyo wamepotea?"

Karatasi iliyofuata nilikuwa nimempa baba wa dirisha la pili. Nikamkimbilia, ameshaitupa, upande wa pili. Nikaweka beseni chini, nikapita chini ya behewa, kitu ambacho Bibi angeniua, nikaiona kwenye kokoto, nikaichukua. Ninatokea tu, filimbi ikalia na magurudumu yakaanza. Nilikimbia. Nakwambia nilikimbia na vile viatu vya mtoto wa Ulaya. Yule mama alinyoosha mkono wote nje mpaka bega, mtoto akaamka akaanza kulia, na mimi nimenyoosha karatasi, na kati ya vidole vyake na karatasi pakabaki padogo, halafu pakawa pakubwa.

"Basi niambie kwa mdomo!" akapiga kelele.

Mimi, Kidomodomo. Kifua kimejaa vumbi. Nikasema, "Wali..." na basi. Treni ikaenda na yule mama, na mkono wake bado uko nje.

Sikurudi kuchukua beseni. Nilikwenda moja kwa moja ukutani. Jirani alikuwa amekaa kwenye mkeka, ana ungo, anabangua polepole. Hakuuliza siku hiyo, nilimwahi.

"Ameuliza. Jirani, kuna mtu ameuliza."

"Nani leo?"

Nikamwambia. Kitambaa, khanga, kiganja kwenye karatasi, ng'ombe walirudi, mkono nje mpaka bega. Nilimwambia yote, nikihema, na nikawa naangalia mikono yake. Ilikuwa inabangua. Ganda linapasuka, karanga inaanguka kwenye ungo, ganda linapasuka.

Nilipomaliza akatikisa kichwa taratibu, kwa kupendezwa.

"Hii ndiyo nzuri kupita zote," akasema. "Hapo maneno yanapomwishia mwenye mdomo, pazuri sana. Ila mtoto mtoe. Umemweka mgongoni ili nimwonee huruma mama yake."

"Jirani, mtoto alikuwepo."

"Na kitambaa kisiwe chekundu. Chekundu kinajitangaza."

"Ni kweli. Haki ya Mungu ni kweli."

"Ndivyo inavyotakiwa isemwe," akasema, akanitupia karanga moja, kama zawadi.

Nikamwonyesha ile karatasi, ina alama ya kokoto. Akasema karatasi za hivyo ziko kila mti. Nikamwita Bibi aje aseme. Bibi akasema, "Jirani, mtoto anasema kweli," lakini hakuwepo stesheni, na Jirani alimjua Bibi, alijua kwamba kwa kumpa mtu nafuu angeapa hata kwamba mlenda ni nyama. Akatushukuru wote wawili. Alitushukuru vizuri kabisa. Nililia nyuma ya nyumba kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimebeba kitu chenyewe, chenye uzito wake, na mkononi mwangu kilikuwa kinafanana na vile vyangu vya kila siku.

Mvua za kwanza zilipoanza, mdogo wake Jirani akaja kumchukua ampeleke kwake Tabora. Alibebwa mpaka stesheni kwenye kiti. Bibi alikuja na beseni mwenyewe, na alipofika kwenye dirisha akasema, "Unatoroka na hongo yangu," na sauti yake haikufika mwisho. Jirani akasema, "Nidai, dada. Nitakuwa narudi."

Mimi nilimpa karanga. Nilikuwa nimezifunga kwenye ileile karatasi, yenye kokoto. Aliipokea akaanza kula moja moja, maskini, kwa adabu tu, maana hakuwa na hamu ya chakula. Filimbi ikalia. Akakunjua karatasi kwenye ukingo wa dirisha, akapitisha kiganja. Sijui kama alikuwa ananikumbusha yule mama au ndivyo kila mtu anavyokunjua karatasi. Akaanza kusoma. Midomo yake ilikuwa inacheza, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa na mwenziwe. Na treni inasogea, sisi tunapunga, naye hakupunga. Alikuwa ameshika karanga moja, katikati ya kidole na kidole, imekwama hapo njiani haijafika mdomoni.

Bibi akanishika bega. "Umeona?" akasema. Nikasema nimeona.

Hatukumwona tena. Taarifa ilikuja na mtu wa reli, kabla ya mavuno. Bibi alikaa uwanjani siku nzima na ungo mapajani, bila kubangua hata moja.

Sasa hivi nauza mitumba Area D, Dodoma mjini, na nina mdomo uleule, wateja wangu watakwambia. Elimu yangu ni darasa la saba na ule ukuta. Ule ukuta ulianguka Bibi alipofariki, na tembe haikukaa muda, paa la udongo lisipopakwa na mtu linarudi kuwa udongo. Magunia ya vitabu tuliyakuta mepesi. Ukigusa, linabaki jalada, ndani mchwa wamekula mpaka kwenye uzi. Nimeulizia mjini, nimeulizia kwa aliyekuwa na mashine ya kuchapa, mashine ameiuza vyuma chakavu. Wakati mwingine nikifungua robota la nguo za Ulaya naangalia mifukoni, ujinga tu, kana kwamba karatasi ya Zuzu inaweza ikazunguka dunia nzima irudi. Na siku hizi karanga zinafungwa kwenye nailoni, unaona mpaka ndani, hakuna cha kukunjua.

Kwa hiyo vitabu vyote vya yule mtu vimebaki kichwani kwangu, na kichwa changu unakijua. *Jua la Kukodi* nakumbuka mwanzo tu. *Tiketi ya Keshokutwa* nimesahau nani alipanda. Lakini ile karatasi ya kokoto niliisoma usiku na mchana kabla sijaifungia karanga, na ile ninayo neno kwa neno. Yule mtoto wa mgongoni sasa atakuwa mtu mzima. Kama mama yake bado yupo, mahali fulani huko kuelekea Itigi au Tabora, na wewe unapita huko, mwambie nimechelewa lakini nimefika. Mwambie karatasi inayofuata inasema hivi:

Mama alipoona sauti yake haiendi, akafunga mdomo. Akaenda akachukua ngoma yake ya muheme aliyotoka nayo nyumbani, akaibana mapajani kama wanawake wa kwao walivyomfundisha, akaikalisha chini kabisa igusane na mwezi, akapiga. Haikulia. Akapiga tena, kwa viganja viwili, ngoma ambayo hata yeye mwenyewe haisikii, na vumbi likawa linaruka na kushuka taratibu pembeni yake. Alipiga mpaka mikono ikafa ganzi. Na mbali kule, ambako kwato zilikuwa zimesimama juu ya mwamba uleule, ng'ombe mmoja akageuza kichwa.